websocat, wscat na curl: uzoefu wangu wa kupima websoketi Mombasa

Kama unajenga mfumo wa websoketi (muunganisho wa mtandao unaobaki wazi ili seva na programu zitumiane ujumbe wakati wowote) na bado unaupima kwa kufungua kivinjari na kubofya-bofya mpaka kitu kitokee, soma haya. Programu ndogo ya terminali iitwayo websocat imenirahisishia kazi kuliko kifaa kingine chochote nilichowahi kuweka kwenye kompyuta yangu, na naipendekeza kwa moyo mmoja.

Natunza mfumo wa kampuni ya uchukuzi yenye ofisi Shimanzi. Malori yanatoka bandari ya Kilindini kuelekea Mariakani na bara, kila lori lina kifaa cha GPS, na pale ofisini kuna skrini kubwa inayopokea mahali lilipo kila lori kupitia websoketi. Lori likisogea, nukta nayo isogee. Isiposogea, simu yangu inalia. "Mwanangu, malori yamelala tena?" Huyo ni msimamizi, mzee anayemjua kila dereva kwa jina. Habari za seva hazimhusu. Anachotaka kujua ni kama lori limekwama Changamwe au ni skrini iliyokwama. "Shikamoo mzee, nipe dakika mbili," namjibu.

Hapo naandika `websocat` na anwani ya seva inayoanza na `wss://`, basi. Ujumbe ukianza kumiminika kwenye terminali, seva ni nzima na ubovu uko kwenye ukurasa wa skrini. Ikiwa kimya, nashughulikia seva au njia ya kuifikia. Swali la mzee linapata jibu kabla hajakata simu.

Tatizo lililotusumbua zaidi lilikuwa la usiku. Malori yakiegeshwa, hakuna data mpya, na baada ya dakika moja ya ukimya muunganisho unakatika. Niliunganisha kwa wscat, programu nyingine ya aina hiyo, nikaacha bila kuandika kitu, ikaja `Disconnected (code: 1006)`. Namba hiyo ina maana yake: 1006 haitumwi kamwe na upande wa pili, ni klaienti yenyewe (programu iliyojiunga na seva) inayosema laini imekatwa bila kuagana. Seva ingefunga kwa hiari yake kwa kawaida ningeona 1000 au 1001, namba za kuagana vizuri. Kwa hiyo mkataji alikuwa katikati. Nikarudia kwa websocat nikiongeza `--ping-interval 30`, yaani kila sekunde 30 itume ping, ujumbe mdogo wa kuuliza kama upande wa pili upo, ambao hujibiwa kwa pong, na muunganisho ukadumu. Jibu likawa hilo: nginx, proksi (programu inayopokea maombi na kuyapitisha) inayokaa mbele ya seva yetu, isipoelekezwa vingine, husubiri sekunde 60 tu bila kusoma kitu kutoka kwa seva kisha hufunga, mpangilio wake unaitwa `proxy_read_timeout`. Ping ikienda, pong inarudi, na saa inaanza upya. Tuliiwekea seva ping ya kila nusu dakika. Hatukugusa hata mstari mmoja wa ukurasa wa skrini.

curl, programu ya terminali ya kutuma maombi ya mtandao, naitumia kwa jambo moja ambalo hizo nyingine hazinionyeshi waziwazi: salamu ya mwanzo. Websoketi huanza kama ombi la kawaida la HTTP linaloomba kubadilishwa, na seva ikikubali hujibu 101. Mimi hutuma ombi hilo kwa mkono, nikiweka `-i -N --http1.1`, kisha kwa `-H` naongeza vichwa vya ombi: `Connection: Upgrade`, `Upgrade: websocket`, `Sec-WebSocket-Version: 13` na `Sec-WebSocket-Key: dGhlIHNhbXBsZSBub25jZQ==`. Ufunguo huo ndio wa mfano uliomo kwenye RFC 6455, hati rasmi ya websoketi ya mwaka 2011, na ndiyo sababu naupenda: jibu lake linajulikana. Seva iliyo sawa lazima irudishe `Sec-WebSocket-Accept: s3pPLMBiTxaQ9kYGzzhZRbK+xOo=`, herufi kwa herufi. Ukipata 200 au 400 badala ya 101, mara nyingi ni proksi iliyomeza kichwa cha Upgrade njiani. Usisahau `--http1.1`, maana kwenye `https` curl inaweza kukubaliana na seva kutumia HTTP/2, na salamu ya namna hii haifanyi kazi huko.

Kwa vijana wanaoanza nawapa wscat. Inahitaji Node.js, unaiweka kwa `npm install -g wscat`, na inakupa alama ya `>` unaandika na kujibiwa kama mazungumzo. Ukiweka `-P` unaziona ping na pong zikipita. Inaweza pia kuwa seva kwa `wscat -l 8080`, ila inamhudumia klaienti mmoja tu kwa wakati, na hapo ndipo websocat inapoipita mbali. `websocat -t ws-l:127.0.0.1:1234 broadcast:mirror:` inakupa seva inayosambaza kila ujumbe kwa wote waliounganishwa. Kwa mstari huo mmoja nilijaribu skrini ya ofisi nikiwa nyumbani Tudor, nikijifanya lori, bila kugusa mfumo halisi wala kula bando.

websocat ina usumbufu wake na ni haki niutaje. Kwanza, kila mstari unahesabiwa kuwa ujumbe mmoja, kwa hiyo ukibandika JSON iliyopangwa vizuri kwa mistari kumi, seva inapokea vipande kumi visivyo na maana. Pitisha kwanza kwenye `jq -c`, programu inayoibana JSON iwe mstari mmoja. Pili, `-H` yake, ya kuongeza vichwa, ina tamaa: inaweza kumeza maneno yanayoifuata, ikiwemo anwani yenyewe, na kosa linalotokea halieleweki. Andika `-H='Authorization: Bearer ...'` kwa alama ya sawasawa na hutapata shida. Tatu, msaada wake ni mrefu mno kwa mgeni; anza na mifano, achana na orodha ya `--help=long` mpaka uizoee.

Zote tatu ni za bure na msimbo wake uko wazi. websocat ni faili moja tu, huhitaji kusakinisha lugha nzima, jambo linalofaa sana unapoingia kwenye seva ya mteja usiyoruhusiwa kuongeza vitu. Ukitaka curl ifungue `ws://` moja kwa moja, angalia kwanza toleo lako: uwezo huo ulitoka kwenye majaribio kuanzia 8.11.0, ya Novemba 2024, na seva nyingi ninazokutana nazo bado ziko nyuma ya hapo.