Mkandaji wa wazazi Mji wa Kale, Mombasa: kwangu ni nyota nne na nusu kwa tano

Nimeulizwa sana kuhusu mama aliyenikanda nikiwa na mimba na baada ya kujifungua, kwa hivyo naandika hapa mara moja wote msome. Jina na namba siweki, hapendi mambo ya mitandao, ila ukiwa na jamaa maeneo ya Kibokoni uliza tu utafikishwa.

Nilimtafuta mimba ikiwa ya miezi saba hivi, kiuno kinauma mpaka nikiinuka kitandani nashikilia ukuta. Kabla yake nilienda spa moja upande wa Nyali, shilingi 4,500 kwa saa, chumba kizuri mashallah na taulo safi, lakini yule dada hakuniuliza hata mimba ina miezi mingapi, akanilaza chali akaanza kunibonyeza miguu kwa nguvu, kichwa kikaanza kunizunguka na jasho likanitoka. Sasa nimeshaelewa, mimba ikiwa kubwa ukilala chali uzito wote wa tumbo unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mtu anayejitangaza kuwa anakanda waja wazito na hilo halijui, hapana, hapo pesa yangu hawaipati tena.

Huyu mama alipokuja nyumbani hata chupa ya mafuta hakuifungua kwanza. Alikaa akaniuliza presha ikoje, kuna damu yoyote imetoka, kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli, uso na mikono inavimba? Akataka na kitabu cha kliniki, binti yake akamsomea. Akaniambia yoyote katika hayo ikiwepo yeye hakandi, ni hospitali siku hiyohiyo. Alafu akanilaza ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti na mwengine chini ya tumbo, akanikanda kiuno kwa kiganja polepole akipanda mpaka mabegani, wallahi nilisinzia. Tumbo hakulibonyeza, alilipaka mafuta ya nazi tu basi. Nikamuuliza kuhusu wale wanaosema wanageuza mtoto aliyekaa vibaya, akanijibu "Mwanangu, hilo la madaktari, mimi mkono wangu sitii." Na ni kweli, hospitali wenyewe wakigeuza wanakuwa wanapima mapigo ya moyo ya mtoto na chumba cha operesheni kiko karibu, manake kondo linaweza kubanduka.

Lakini kilichonifanya nimuamini kabisa ni mguu. Nilijifungua salama kwa njia ya kawaida, akawa anakuja asubuhi kunikanda kwa kitambaa na maji ya moto, mgongo, mapaja, na chango, yale maumivu ya tumbo baada ya kuzaa, likaanza kupungua. Siku moja amefika akashika mguu wangu wa kushoto akanyamaza. Akachukua pindo la leso akalizungusha kwenye shavu la mguu wa kushoto, akashika alama kwa kidole, akalipeleka kwa wa kulia, tofauti ilionekana wazi. Akagusa tena kwa mgongo wa mkono, wa moto. "Uvimbe wa uzazi huja miguu yote, huu mmoja siukandi, mwite mumeo mwende hospitali sai." Mamangu akabisha akisema ni uchovu tu nisuguliwe mafuta ya simsim utashuka, yeye akakataa kabisa na pesa ya siku ile hakuchukua. Kupigwa picha, damu imeganda ndani ya mshipa. Nikaanzishiwa sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda. Daktari akatueleza kwamba mwanamke akiwa na mimba na zile wiki 6 za mwanzo baada ya kuzaa damu huganda upesi kuliko kawaida, na ukiusugua mguu kama ule donge linaweza kukatika likapanda mpaka kwenye mapafu. Naomba jamani hili mlishike, mguu mmoja umevimba, unauma na una joto, asikuguse mtu.

Mkandaji aliporudi, daktari alikuwa ameshakubali, akawa ananikanda mabega na mikono peke yake. Wifi yangu alizaa kwa operesheni, kwake pia mama huyu hakumfunga mkaja, ile nguo ya kukaza tumbo, mpaka kidonda kilipopona na daktari akakiangalia.

Kwa mtoto ndo utampenda. Anangoja kitoto kikiwa macho, hakijatoka kunyonya muda huohuo, anapasha mafuta viganjani mwake kisha anaanza miguu. Tumboni anazungusha mkono kwa kufuata mshale wa saa, manake utumbo mkubwa unapita hivyohivyo, alafu anakunja magoti taratibu kuelekea tumboni na gesi inatoka unaisikia. Mtoto akigeuza uso au akianza kulia anaacha. Hamning'inizi mtoto, havuti mikono, hakamui vichuchu, hatii mafuta masikioni wala puani, na bibi mmoja wa kwetu alipotaka pua ibanwe ipate kunyooka alimkatalia kwa adabu. Hata Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2022 limesema kumkanda mtoto mwili mzima kwa upole kunaweza kufanywa kwa mtoto mzima aliyetimiza miezi yake, kwa hivyo wanaosema ni ushamba wa pwani waache.

Ile nusu nimeikata kwa sababu mbili. Mkaja anaukaza sana, siku za mwanzo nilikuwa sipumui vizuri na nahisi kama kila kitu kinasukumwa chini, nilipomwambia alilegeza ila ilibidi niseme mwenyewe, na wewe usione haya kusema, hata maji yakiwa ya moto sana mwambie. La pili ni saa. Akikwambia saa tatu anaweza kufika saa tano, na wewe umekaa na leso moja unamngoja, mtoto ameshalala.

Bei ni 1,500 mama na mtoto pamoja, anakuja nyumbani, mafuta unanunua wewe. Ukimchukua arobaini nzima mnaelewana bei. Muwahini mapema mimba ikiwa miezi minane, na mlio Likoni na Mtongwe mtumieni nauli asubuhi manake baada ya alasiri havuki feri.