Mashine ya presha niliyoinunua Kariakoo, ikitumika Kimbiji, huku Kigamboni

Nimeinunua Sh 65,000, ile ya kufunga mkono wa juu. Za kifundo cha mkono zilikuwa na bei nafuu, lakini mkono ukishuka kidogo tu chini ya usawa wa moyo, namba zinapanda. Nikaziacha.

Haihitaji umeme. Betri 4 ndogo, unakaa kimya dakika 5, miguu chini, unabonyeza. Inatunza vipimo vya nyuma, na daktari alivifurahia kweli, maana huku kwetu mtu hupimwa siku anayoumwa tu. Zahanati tunayoitegemea mashine inayo. Betri ndizo mara nyingi hazipo.

Lawama yangu ni mkanda. Uliokuja nao mwisho wake mkono wenye mzunguko wa sentimita 32. Mama mkubwa anakaanga samaki kwa kuni tangu usichana wake, mkono wake mnene, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Tulitishika bure. Mkanda mkubwa nikaununua kando, Sh 20,000. Hivi wanadhani wenye presha wote wana mikono kama fito?

Nang'ang'ania vipimo sahihi kwa sababu kiharusi cha presha kikimpata mtu wa huku, ana kazi. Lazima apigwe picha ya CT ya ubongo ijulikane kama mshipa umeziba au umepasuka. Ukiwa umeziba kuna dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Wagonjwa ninaowafahamu wamepelekwa ng'ambo ya maji, mjini Dar: gari la kukodi usiku, barabara mbovu, daraja au pantoni, kisha mapokezi, na asiye na bima atafute kwanza hela ya kipimo. Mtu wa Upanga anaiona Muhimbili dirishani.

Moshi na chumvi ya ng'onda navyo vinapandisha presha, na hapo mashine haina la kufanya. Nimemwambia mama mkubwa ahamie kwenye gesi. Akaniuliza nitamjazia mtungi mimi, karai linalochemka kutwa? Presha yake ikizidi 140/90 siku kadhaa mfululizo tunamsafirisha kliniki, na dawa za kila mwezi tunachangishana.

Naipa nyota 4. Ukienda kununua, nenda na mgonjwa mwenyewe, afungwe mkanda hapohapo dukani, na udai risiti iandikwe garantii. Yangu ni ya mwaka 1.