Seti ya Freak: mtutu mmoja, mirija minane

Kwa miezi minne niliilaumu bure Tippmann 98 yangu, bunduki ya paintball, ule mchezo wa kupigana kwa gololi zilizojaa rangi. Nalenga kifua, gololi ya rangi inaenda juu, inayofuata inachimba chini, ya tatu inakata kona. Wenzangu wakanisihi ninunue mtutu mrefu wa inchi 16. Badala yake nikachukua seti ya Freak, yenye mirija minane ya kuingiza ndani ya mtutu, kuanzia kipenyo cha inchi 0.679 hadi 0.695.

Kuchagua mrija ni kazi ya mdomo. Tia gololi: ikianguka yenyewe, mrija ni mpana, ukipuliza mpaka mashavu yaume na haitoki, mrija umebana. Unaofaa ni ule unaoishika gololi, halafu pumzi moja inaitoa, pu! Jumamosi asubuhi gololi zangu zilikaa kwenye 0.687. Kufika saa tisa alasiri, mfuko ukiwa wazi, zilezile zilitaka 0.691. Hewa ya Houston ni nzito kama ya Mombasa, na ganda la gololi ni jelatini, linakunywa unyevunyevu na kuvimba.

Tofauti niliiona kwenye kipima mwendo. Awali risasi zangu zilirukaruka kati ya futi 238 na 276 kwa sekunde, kwa sababu hewa ilikuwa ikivuja pembeni ya gololi. Sasa ni 268 hadi 277, na ile ya juu-chini imekwisha kabisa. (Nimeachana pia na mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi, ukifyatua mfululizo unapoa na msukumo unashuka. Natumia hewa ya kushindilia.)

Kukata kona je? Hapo Freak haikusaidia, wala haiwezi. Mtutu huu hauna mikato ya ndani ya kuizungusha risasi kama bunduki ya kweli, kwa hiyo umbo la gololi ndilo linaloamua. Nilichukua boksi la gololi nililouziwa na duka moja kwa bei ya kutupa, nikaziviringisha mezani: nyingi zilikuwa zikiyumba, zimebonyea upande mmoja kama maembe yaliyolaliwa. Mojawapo ikipasukia ndani, utelezi wake unaharibu kumi zinazofuata hadi upitishe kitambaa.

Nyota nne. Ila kama bado unanunua gololi za bei ya kutupa, pesa ya seti ipeleke kwenye gololi kwanza. Mimi siku hizi nafungua mfuko mmoja mmoja, mingine inabaki kwenye kasha lenye mfuniko, kivulini.