Peugeot 404 ya injeksheni: rangi mpya au ile ya kiwandani?

Aina ya 404 ilishinda Safari Rally 1966, 1967 na 1968, lakini ile ya injeksheni, yenye pampu ya Kugelfischer inayosukuma petroli kwenye injini badala ya kabureta, ni nadra siku hizi. Ukiipata, fundi atakwambia: tukwangue yote, tupige rangi upya. Itang'aa kweli, na kama kutu imetoboa bodi huna ujanja. Ila rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi, na puti huficha mengi.

Mimi ningeiosha, niipolishi kwa mkono, na michubuko ya kwenye kingo za milango niiache ilivyo. Viti vishonwe palipofumuka tu. Mipira ya breki na ya petroli, hapo usione haya: badilisha. Pampu mpe anayeijua. Ukiing'oa uweke kabureta, umebaki na 404 ya kawaida.