Mwaka mmoja na ruta niliyoijenga mwenyewe

Kasi ya intaneti niliyokuwa nailipia ilikuwa inafika. Nikichomeka laptopu kwa waya kwenye boksi la kampuni ya intaneti, namba zilitoka kama nilivyoahidiwa. Lakini kila jioni, simu ya mtu mmoja tu nyumbani ikianza kupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, mkutano wangu wa video uliharibika. Sauti inakatika, uso wa mwenzangu unaganda mdomo wazi, nami nabaki na wimbo wangu wa "Unanisikia? Na sasa je?" Huduma kwa wateja niliwapigia mara tatu, na mara zote tatu nikaambiwa nizime boksi, nihesabu hadi thelathini, niwashe tena.

Jioni moja nikapima shida ikiwa motomoto. Siku ya kawaida pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ilienda na kurudi kwa milisekunde 15 hivi. Picha zilipoanza kupanda, ikaruka hadi 600, ikaenda 700, ikagusa 900. Yaani bomba halikuwa jembamba, foleni ndiyo ilikuwa ndefu. Boksi lilikuwa na bafa, yaani chumba cha data kusubiria, kubwa isiyojua kukataa kitu: kila kinachokuja kinapangwa kwenye mstari uleule, na vijipakiti vya sauti yangu vinasimama nyuma ya picha mia mbili za paka. Mhandisi Jim Gettys alianza kulipigia kelele tatizo hili mwishoni mwa 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakaleta dawa yake, kanuni iitwayo CoDel. Dawa ipo miaka yote hiyo, boksi langu halikuwa nayo.

Nilianza kwa bei ya bure. Nilikuwa na ruta ya zamani kabatini, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, nikaiwekea OpenWrt, mfumo wa kuendesha ruta ulioanza mwaka 2004 baada ya msimbo wa ile ruta ya Linksys ya bluu na nyeusi, WRT54G, kutolewa hadharani. Foleni ikapona siku hiyohiyo. Ila kupanga foleni ni kazi ya prosesa, na prosesa ya kile kizee ilikuwa hoi: kasi yangu yote ikashuka hadi megabiti 120 hivi. Kama laini yako iko chini ya hapo, ishia hapo hapo, usinunue kitu. Nasema kweli. Ruta ya zamani inayokubali OpenWrt inamtosha mtu mwenye laini ndogo.

Mimi nikanunua kompyuta ndogo isiyo na feni, yenye prosesa ya Intel N100, memori gigabaiti 8 na matundu manne ya mtandao ya gigabiti 2.5. Memori hiyo ni ya kujionyesha tu, mfumo wenyewe haugusi hata robo yake. Niliifikiria pia OPNsense, mfumo mwingine wa ruta uliojitenga na mwenzake pfSense mwaka 2015 na ambayo ina kurasa nzuri sana za kuendeshea, lakini nilikuwa tayari nimeuzoea OpenWrt na nilitaka kanuni ya foleni iitwayo CAKE, ambayo huko inapatikana kwa kubofya mara chache.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa aibu. Mfumo nimeuweka, waya nimechomeka, ukurasa wa mipangilio unafunguka, intaneti hakuna. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha tundu. Nikaanza upya toka mwanzo. Saa saba usiku ndipo nikaona: OpenWrt hujipa anwani 192.168.1.1, na boksi la kampuni nalo lilikuwa linajiita 192.168.1.1. Nyumba mbili mtaa mmoja, namba moja, na tarishi hajui agonge wapi. Nikaipa yangu 192.168.20.1, na kila kitu kikafunguka kwa sekunde chache. Baadaye niliwaomba kampuni waligeuze boksi lao liwe daraja tu, lipitishe mtandao bila kufanya kazi ya ruta, ili anwani zisitafsiriwe mara mbili. Ilichukua simu nne kumpata mtu anayejua ninachokiongelea. Ukitaka kuanza safari hii, swali hilo waulize kabla ya kununua chochote.

Kisha foleni. Nilipima kasi halisi, nikaiambia CAKE ifanye kazi kwa asilimia 90 ya hiyo, kwenda na kurudi. Ukipunguza hivyo, foleni inahamia kwenye mashine yako, mahali penye msimamizi, badala ya kujazana kwenye boksi lisilojali. Nikamwambia binti yangu apandishe video zote alizonazo, nami nikapima. Milisekunde 22. Nikangoja. 24. Nimepoteza asilimia 10 ya kasi na sijawahi kuikumbuka.

Waifai ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Usinunue kompyuta ya aina hii ukitegemea kadi yake ya ndani irushe mawimbi nyumba nzima. Ruta inakaa kabatini, karibu na mahali waya unapoingilia. Mawimbi yanatakiwa yatokee katikati ya nyumba, juu. Kwa hiyo nilinunua kisambazi cha peke yake, kile kidude cheupe cha duara kama sahani, nikakibandika kwenye dari ya ukumbi. Umeme na data vinapita kwenye waya mmoja kutoka kwenye swichi ya mtandao, kwa hiyo hakuna soketi ya kutafuta huko juu.

Waya huo niliupitisha mwenyewe na kuufunga vichwa mwenyewe, na ndio ulionifundisha adabu. Kisambazi kiliwaka vizuri, simu zikaunganika, lakini hata ukisimama chini yake kabisa kasi haikuvuka megabiti 94. Leo 94, kesho 94. Niligeuza chaneli, nikageuza mipangilio, nikakilaumu kisambazi. Rafiki yangu fundi nilipomtajia namba hiyo alicheka kabla sijamaliza. "Huo ni waya, ndugu yangu. Usiguse kitu kingine." Waya wa mtandao una jozi nne. Gigabiti inazitaka zote nne, lakini megabiti 100 inahitaji mbili tu, kwa hiyo jozi moja ikifa vifaa vinakubaliana kimyakimya kushuka chini, na 94 ndiyo inayobaki baada ya makato. Nikaweka kipimio cha waya, chenye taa moja kwa kila uzi: taa ya 1, 2, 3, 4, 5, 6, kisha 8. Ya saba haikuwaka. Nikashusha kichwa cha waya na kukitazama kwenye mwanga wa simu. Uzi wa saba, ule mweupe wenye mstari wa kahawia, ulikuwa umeishia nusu milimita kabla ya kugusa kisu cha shaba. Nikakata, nikanyoosha nyuzi upya, nikazipanga: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Safari hii nilihakikisha ncha zote zimegonga ukuta wa mbele wa kichwa kabla ya kubana koleo. Simu ileile, mahali palepale, ikatoa zaidi ya 500.

Kwenye chaneli sina mengi. Kwa gigahezi 2.4 chagua kati ya 1, 6 na 11 na uache upana wa megahezi 20, hata kama kisambazi kinakutamanisha na 40. Kwa gigahezi 5 ujue kwamba chaneli nyingine zinatumiwa pia na rada, hivyo kisambazi kinalazimika kusikiliza dakika nzima kabla ya kurusha. Usidhani kimekufa. Na nguvu ya mawimbi nilipunguza. Kisambazi kinaweza kupiga kelele ikasikika hadi getini, lakini simu iliyoko getini haina sauti ya kujibu, matokeo yake inaonyesha vijiti vingi na hakuna kinachofunguka.

Nilitenga pia mtandao wa wageni na mwingine wa vitu: runinga, kamera, balbu. Nikajiona mjanja kwa siku mbili, mpaka mama watoto aliposimama mlangoni na karatasi mkononi. "Printa yako imeenda wapi?" Nilikuwa nimeihamishia upande wa vitu, na simu hutafuta printa kwa kuita ndani ya mtandao wake tu, wito hauvuki ukuta. Nikairudisha printa upande wa watu. Kuna njia ya kupitisha wito huo, lakini sikuwa na hamu ya kubishana.

Kosa langu kubwa lilikuja mwezi wa sita. Nilisasisha mfumo usiku, mipangilio yote ikabaki, nikalala na furaha. Kumbe mipangilio hubaki lakini programu za ziada ulizoongeza mwenyewe haziji zenyewe, labda utumie njia ya kusasisha inayozibeba. Programu ya foleni haikuwepo. Faili lake la mipangilio lilikuwa limekaa pale pale, linasubiri bwana ambaye hakurudi. Mikutano ikaanza kuganda tena, nikailaumu kampuni siku mbili nzima, na safari hii hawakuwa na kosa.

Kwa hiyo nyota? Ningetoa nne kati ya tano. Kwa mwaka mzima mtandao haujasumbua ila pale nilipouchokoza mwenyewe. Nyota ya tano naizuia kwa sababu hakuna tena wa kumpigia. Ukisikia "Baba, intaneti imekufa" ukiwa bafuni, mhusika ni wewe, na sabuni usoni.

Mwezi uliopita nilisafiri wiki nzima. Kabla ya kuondoka nilihifadhi nakala ya mipangilio kwenye flashi na kubandika karatasi ndani ya mlango wa kabati, kwa maandishi makubwa, kwa ajili ya mama watoto. Siku ya tatu umeme ulikatika ukarudi na mtandao haukurudi nao. Akafungua kabati, akasoma mstari wa kwanza, akacheka peke yake, kisha akanitumia picha ya karatasi hiyo. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: zima vyote, hesabu hadi thelathini, washa boksi la chini kwanza.