In camera: mlango unafungwa, midomo je?

Ukiyaona maneno in camera kwenye hati ya mahakama, usifikirie kupigwa picha. Kwa Kilatini camera ni chumba, na mashine ya picha ilipata jina lake kutoka camera obscura, yaani chumba cha giza. Kesi ikisikilizwa in camera, wasikilizaji na waandishi wa habari hutoka. Hubaki wahusika, mawakili wao na watumishi wa mahakama. Wengine huichanganya na ex parte, ambako upande mmoja tu ndio unaosikilizwa. Kwenye in camera pande zote mbili zimo ndani.

Kwa mtoto, kwa aliyebakwa au kwa siri ya biashara, kinga hii ina thamani kubwa. Kasoro yake ni kwamba watu huitegemea kwa kazi isiyoifanya.

Nchini Uingereza, kifungu cha 12 cha Administration of Justice Act ya mwaka 1960 kinasema kuchapisha yaliyosikilizwa faragha si kudharau mahakama kwa sababu hiyo peke yake, isipokuwa katika mambo yaliyotajwa, kama kesi za watoto na usalama wa taifa, au mahakama ikipiga marufuku waziwazi. Kwa hiyo usiombe mlango ufungwe tu. Omba pia amri ya kuzuia uchapishaji, majina yafichwe kwa herufi kama A au B, na jalada lifungwe. Wanaosahau jalada huumia zaidi: ushahidi umetolewa kwa siri, kisha mwenendo wa kesi huenda ukanakiliwa masjala na mtu wa nje.

Sababu nayo iwe nzito. Katika kesi ya Scott v Scott, mwaka 1913, majaji wa House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, walikataa kwamba aibu au staha pekee inatosha kufunga mahakama. Hati ya kiapo itaje madhara yenyewe: nani ataumia, vipi, na kwa ushahidi upi. Omba kipande chenye madhara hayo tu kisikilizwe faragha. Ombi la kufunga kesi nzima ndilo hukataliwa upesi. Jaji atauliza kwanza kama pazia la kumficha shahidi au ushahidi kwa njia ya video hautoshi, basi jibu liwe tayari.

Hukumu ni suala jingine. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa inataka itolewe hadharani, isipokuwa kwa maslahi ya watoto au katika migogoro ya ndoa na ulezi. Maelezo unayotaka yafutwe kwenye hukumu yaombewe kabla haijasomwa.