Viza ya 189 au ya 190?

Zote mbili ni za Australia kwa wenye ujuzi wa kazi, zote zinakupa ukaazi wa kudumu moja kwa moja, na zote zinaanzia mlango mmoja: fomu ya kuonyesha nia kwenye SkillSelect, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Kiwango cha chini ni alama 65, zinazotokana na mambo kama umri na Kiingereza, na siku ya kualikwa uwe hujafika miaka 45. Undugu wao unaishia hapo.

Ya 189 haina mdhamini. Unasimama na alama zako, na ukiipata unaishi jimbo lolote. Tatizo ni kwamba 65 inakuingiza kwenye foleni tu; wenye alama nyingi ndio wanaoitwa kwanza.

Ya 190 inataka jimbo likuteue, na uteuzi unaongeza alama 5. Utaziona chache, lakini piga hesabu: mtu wa miaka 32 ana alama 30 za umri, akitimiza 33 zinashuka hadi 25. Jimbo linamrudishia kile alichonyang'anywa na keki ya siku ya kuzaliwa. Ila unatarajiwa kukaa humo miaka 2 ya mwanzo, na kila jimbo lina masharti yake ya uteuzi.

Mimi ningechagua 189 kama alama zinatosha kweli. Zikibana, 190 bila kusita. Lakini kwanza rudia mtihani wa Kiingereza: kupanda kutoka ngazi ya alama 10 hadi ya 20 kunakupa mara mbili ya msaada wa jimbo. Na tathmini rasmi ya ujuzi wako katika fani yako iwe mkononi mapema, kwani ukialikwa una siku 60 tu za kuomba.